Kikwazo Tulikuwa Sisi

Tulianza na shindano la hadithi za mapenzi. Tukaishia kuwauliza mama zetu maswali ambayo hatukuwahi kuwauliza.

Muhula uliopita chama chetu kilitangaza shindano dogo: andika hadithi ya mapenzi kwa Kiswahili, isizidi maneno 1,000, mshindi apate kanga na kilo tano za mchele. Watu waliucheka mchele, lakini anayekaa bwenini na kujipikia anajua bei yake. Hadithi 11 zilitufikia. Alhamisi moja jioni tukakaa katika kile chumba chetu cha ghorofa ya tatu, chenye hita isiyozimika, tukazisoma zote kwa sauti huku birika la chai ya tangawizi likizunguka.

Tulipofika hadithi ya saba tukaanza kucheka mapema, kabla ya mahali pa kuchekea, kwa sababu tulishajua linalokuja. Binti ana miaka 19, au 20, au 22. Ana macho malegevu, mwanya na pua ya upanga. Kijana anateremka kwenye daladala, au kwenye ndege kutoka Dubai. Wanaangaliana mara moja tu na moyo unaruka. Baba anakataa. Mvua inanyesha. Baba anakubali. Vigelegele.

Mwalimu mmoja alikuja kutusikiliza jioni ile. Alipomaliza chai yake aliuliza, kwa upole tu, "Mama za mabinti hawa wako wapi?"

Tukarudi kwenye karatasi kuhesabu. Mama wanne walikuwa jikoni. Watatu walikuwa wamekufa. Wawili walikuwa wamekwenda kufanya kazi Uarabuni. Mmoja alilia siku ya harusi. Wa kumi na moja hakutajwa kabisa, tukaamua kumhesabu hivyo hivyo.

"Na wana umri gani?" mwalimu akauliza tena.

Hilo halikuwa kwenye karatasi, ila hesabu yake si ngumu. Binti akiwa na miaka 20, mama anaweza kuwa na 42, au 45, au 50. Ni watu wazima wenye afya zao, wengine wajane, wengine walioachika. Katika hadithi 11 tulizoziandika sisi wenyewe, hakuna hata mmoja wao aliyependwa na mtu.

Makala haya yametokana na swali lile.

Tulizikuta kanuni mezani

Tusijilaumu peke yetu. Kanuni hizi hatukuzitunga sisi, tulizikuta. Hapa Uingereza kuna kampuni za vitabu zilizozipanga kanuni za mapenzi kama mtu anavyopanga vipimo vya maandazi. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908. Mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin ya Canada, iliyoanza 1949, na vitabu vyake vikatapakaa duniani. Mama wa mmoja wetu alivisoma Mombasa akiwa kidato cha pili, amevificha ndani ya kitabu cha jiografia. Anakumbuka hadi leo kwamba mwanamume alikuwa mrefu kila mara, na mwanamke hakuwa na mtoto hata mara moja.

Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kina maelezo mafupi ya riwaya ya aina hii. Mapenzi yawe ndiyo kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Ukiyasoma maelezo hayo huoni umri umetajwa popote. Umri umeingia kwa mazoea. Jane Austen alimwandika Anne Elliot katika Persuasion, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, na tayari watu wa kitabuni wanamwona amechakaa. Ana miaka 27. Wenzetu wawili wa shahada ya uzamili walipolisikia hilo walitoka nje kuvuta hewa.

Jambo lililotushangaza zaidi tulilipata kwa mtafiti wa Marekani, Janice Radway. Mwaka 1984 alichapisha utafiti kuhusu kundi la wanawake wa mji mmoja waliopenda mno riwaya hizi. Wengi walikuwa wake za watu na mama wa watoto. Kwao, kufungua kitabu ilikuwa njia ya kupata saa moja ambayo hakuna anayewatuma maji wala kuwauliza soksi ziko wapi. Kwa hiyo anayesoma ni mama, na anayependwa kitabuni ni binti. Mama analipia kitabu ambacho yeye hamo.

Na upande wetu je? Tulipozipitia riwaya za Kiswahili tulizosomeshwa, tuliwakuta watu wazima wanaotaka kupenda, ila wamepewa kazi mbaya. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, yumo tajiri Mwinyi, mzee anayemtamani Bahati. Katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, iliyotengenezwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, Yasmin anaozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Hizi ni riwaya kubwa na hatuna ugomvi nazo. Zinasema kweli juu ya fedha na nguvu, na juu ya mabinti wanaouzwa wakiitwa wanaolewa. Lakini ukizisoma mfululizo unajifunza, bila kuambiwa, kwamba mapenzi ya mtu mzima ni uchu, na kwamba lazima atakuwepo kijana wa kuyakimbia.

Mwanamke mtu mzima ana nafasi nyingine. Yeye ni somo, au kungwi, au mkwe. Anamfunda bibi harusi, anamwelekeza, anamwimbia. Anajua kila kitu juu ya mapenzi na anatarajiwa awe ameshamaliza kuyahitaji, mithili ya mwalimu wa udereva asiyeruhusiwa kuwa na gari. Aliyetuvunjia mpango huo ni Bi Kidude, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki 2013. Alipiga ngoma ya unyago na kuimba mapenzi hadi uzeeni kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae kimya. Lakini Bi Kidude tulimfanya ajabu ya dunia. Mtu akishafanywa ajabu, wengine hawalazimiki kumfuata.

Nyumba moja, hadithi mbili

Wiki iliyofuata mwalimu alitupendekezea riwaya: Season of Crimson Blossoms ya Abubakar Adam Ibrahim wa Nigeria. Ilitoka 2015, na 2016 ikashinda ile tuzo ya fasihi ya Nigeria inayodhaminiwa na kampuni ya gesi, yenye zawadi ya dola 100,000. Tulipata nakala tano kwa watu 14. Tukagawana zamu kama wanafunzi wa zamani walivyogawana taa.

Hajiya Binta Zubairu ana miaka 55. Ni mjane, Mwislamu mcha Mungu, anaishi pembezoni mwa Abuja na mpwa wake Fa'iza na mjukuu mdogo. Mumewe aliuawa katika ghasia za Jos. Siku moja mwizi anaruka ukuta, anamwekea kisu shingoni. Mwizi huyo ni Hassan, mwenye jina la mtaani Reza, muuza bangi, umri wake miaka 25. Mapenzi ya kitabu kizima yanaanzia kwenye kisu hicho.

Tusome polepole hapa, maana mwandishi anazichukua kanuni moja moja na kuzigeuza upande wa ndani. Kuonana mara ya kwanza kupo, ila ni uhalifu. Mwanamume jeuri anayelainishwa na mapenzi yupo, ila ujeuri wake una polisi na wanasiasa nyuma yake, na haulainiki kwa busu. Anayeangaliwa ni mwanamke mwenye wajukuu. Pengo la miaka 30 lipo, tena kwa upande ambao jamii haikulizoea. Na kile ambacho Binta anakiona kwa Reza si uzuri tu. Anamwona Yaro, mwanawe wa kwanza, aliyemzika. Reza naye anamwona mama aliyemwacha akiwa mdogo.

Katika desturi ya Kihausa kuna kitu kinachoitwa kunya, haya ambayo mwanamke wa heshima analazimika kuionyesha. Kwa kunya, Binta hakuweza kumwita mtoto wake wa kwanza kwa jina lake, wala kumkumbatia mbele za watu. Yaro maana yake ni mvulana tu. Kwa haya hiyo hiyo, mumewe alimkatalia miaka yote ya ndoa asiwe mwanamke mwenye matamanio. Alipofika miaka 55 hakuwa anatafuta ujana uliopotea, kwa sababu ujana wenyewe hakuwahi kupewa. Ndiyo maana riwaya hii haikutusikitisha tu. Ilitukasirisha.

Mmoja wetu, mwenye wazazi wa Lamu, alisema hajawahi kumsikia bibi yake akimwita babu kwa jina. Alimwita "baba watoto" mpaka siku ya jeneza. Siku hiyo alilitamka jina lake mara moja, na watoto wake wakageuka kumtazama kama aliyevunja sahani.

Tulipenda pia jambo dogo lililofichwa ndani ya nyumba ya Binta. Mpwa wake, Fa'iza, ni msomaji wa vile vijitabu vya mapenzi vya Kihausa, littattafan soyayya, vinavyochapishwa Kano na kuuzwa sokoni. Wanawake wengi wamejipatia jina kwa kuviandika. Mmojawao ni Balaraba Ramat Yakubu, ambaye riwaya yake ya 1990, Alhaki Kuykuyo Ne, inamhusu mama aliyefukuzwa nyumbani na mumewe pamoja na watoto, akasimama mwenyewe kwa kuuza chakula. Basi chini ya paa moja binti anasoma mapenzi ya vitabuni, na chumba cha pili shangazi yake yamo yanamtokea, na binti hayaoni. Hayaoni kwa sababu hayafanani na ya kitabuni.

Hatukukubaliana wote. Kijana mmoja alisema wazi kwamba alikifunga kitabu mara tatu, kila mara akimwona bibi yake. Mwingine akamjibu, "Raza wa Yasmin ulimwelewa mara moja, hukukifunga kitabu." Kukawa kimya. Dada mmoja akasema kisu ni kisu, na kwamba riwaya za mapenzi zimetuzoesha vya kutosha kumsamehe mwanamume anayetisha. Hakuona kwa nini amsamehe Reza kwa sababu tu kitabu kimeandikwa vizuri. Wengine wakauliza kama hii ni riwaya ya mapenzi kweli, ukizingatia inavyokwisha. Mwisho hatuusemi, kakisomeni. Ila ukichukua kile kipimo cha Marekani, cha mwisho wenye matumaini, kitabu hiki hakipiti mlangoni. Ni kisa cha mapenzi kilichonyimwa cheti.

Mwenzetu aliyekaa kimya

Wakati wote huo mwenzetu mmoja hakusema kitu. Alikuwa anakunja ncha ya ukurasa na kuikunjua. Tulipokuwa tunaosha vikombe akasema, "Mama yangu anataka kuolewa."

Ametupa ruhusa kulieleza hili, na mama yake pia, kwa sharti la kutotaja majina wala mji. Mama ana miaka 51. Ni mzaliwa wa Mombasa, yuko hapa tangu 1999, anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Bwana anayetaka kumwoa ana miaka 56, ni mtu wa Tanga, fundi umeme, ameachana na mkewe zamani.

Walivyokutana hakuna mwandishi wetu yeyote kati ya wale 11 ambaye angevibuni. Walikutana kwenye kamati za misiba. Nyinyi mliolelewa huku mnajua: mtu wetu akifa, ndani ya saa mbili kuna kundi la simu, kuna daftari la michango, kuna anayeshughulika na karatasi za kusafirisha maiti na kuna anayepika. Bwana ndiye mshika daftari. Mama ni mpishi wa pilau. Walionana hivyo kwa miaka sita, juu ya masufuria, na hakuna moyo ulioruka. Siku moja bwana alimpigia simu kumwambia kwamba katika hesabu ya msiba uliopita amekuta pauni 20 zimeandikwa mara mbili kwa jina lake, na anataka kumrudishia. Mama akamwambia aziache zikae kwa msiba ujao. Bwana akasema hawezi, daftari lazima lifunge sawasawa. Wakazungumza dakika 50.

"Mtu anayeogopa pauni 20 za marehemu," mama alimwambia binti yake baadaye, "huyo hatanidanganya kwa jambo kubwa."

Mwenzetu aliligundua kwa bahati mbaya, kwenye simu ya mama. Alituambia alivyomuuliza.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini nini?"

Hakuwa na jibu. Alikuwa na mambo mengi kifuani lakini hakuna lililokuwa jibu. Picha ya baba bado iko ukutani. Watu watasema nini msikitini. Mdogo wake wa miaka 17 aliacha kula mezani, akawa anachukua sahani anakwenda chumbani. Yeye mwenyewe hakupiga simu nyumbani kwa wiki tatu, akisingizia mitihani. Na katika wiki hizo tatu, alituambia akiwa ameshika kikombe chenye povu la sabuni, aliandika hadithi kwa ajili ya shindano letu. Ilikuwa ile ya binti wa miaka 20 ambaye baba yake anamkatalia mchumba. Aliiandika huku analia, alivyomhurumia binti yule.

Hapo ndipo wengi wetu tulipokaa chini.

Katika hadithi zote 11, na karibu katika riwaya zote tulizosomeshwa, kikwazo cha mapenzi ni wazazi. Tumelelewa kuwashangilia watoto wanaowashinda wazazi wao. Lakini mapenzi yakitokea katikati ya umri, wazazi mara nyingi wamekwisha kufa, na pale mlangoni walipokuwa wamesimama, tumesimama sisi. Ukirudi kwa Hajiya Binta utamkuta Munkaila, mwanawe tajiri, mwenye hasira na aibu kwa niaba ya mama yake. Tulimsoma wote tukamchukia. Mwenzetu alisema alipomsoma aliisikia sauti yake mwenyewe.

Tuliyoyasikia kwa wakubwa

Baada ya hapo tukakubaliana kila mmoja aende kumuuliza mtu mzima mmoja swali moja: mtu akipenda baada ya miaka 45, nini kinakuwa tofauti na hadithi tulizozizoea? Tuliogopa kufukuzwa. Hakuna aliyefukuzwa. Wengine walicheka kwanza, kisha wakafunga mlango wa sebule, kisha wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Shangazi mmoja wa Unguja alisema kitu cha kwanza ni muda. "Mkiwa vijana mnasema milele kwa sababu hamjui ni siku ngapi. Sisi tunahesabu. Nikikasirika nacho, nakasirika mpaka saa kumi jioni, basi."

Mjomba mmoja wa Bukavu, aliyeoa tena akiwa na miaka 53, alisema tofauti ni mizigo. Kijana anakuja na begi moja. Mtu mzima anakuja na mkopo wa nyumba, presha, watoto wa huku na watoto wa kule, na kaka aliyeko nyumbani anayetumiwa fedha kila mwezi. "Sikumwambia ninampenda. Nilimwonyesha karatasi zangu za benki, zote, hata za deni. Akazisoma, akanyamaza, akaniuliza kama nimekula."

Mama mmoja mjane alituzungumzia mwili, na tutaandika yale tu aliyoturuhusu. Alisema vitabu vinapenda mwili usio na historia. Wake una alama ya upasuaji, una goti linalolia ngazini. "Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo walivyosema wazee, wakimaanisha ya moyoni. Mimi nilikuwa na yote mawili. Aliyapokea yote mawili."

Bibi wa mmoja wetu, mwenye miaka 78, alilichukua swali akalirudisha kwetu likiwa limegeuzwa. Akatukumbusha kwamba Bi Khadija alikuwa mjane, mfanyabiashara, mwenye mali na kauli yake. Kwamba kwa riwaya iliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40 na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na 25. Na kwamba yeye ndiye aliyetangulia kupeleka posa. "Na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi," akasema. "Aliyeiweka aliijua huzuni kuliko nyinyi. Hakusema miaka tisa. Hiyo miaka tisa imetoka wapi?"

Imetoka kwetu, tulitaka kumjibu. Imetoka kwa watoto, kwa majirani, na labda kwa riwaya pia.

Si wote walioyasifu mapenzi ya ukubwani. Mama mmoja alisema aliolewa tena akiwa na miaka 47 na akajuta ndani ya mwaka. Alichokipata ni nguo nyingine za kufua. Alituomba tusiwaandike kina mama kama kwamba kila mmoja anangoja mtu. "Wengine tumechoka kungojwa na kungoja. Nina bustani yangu na rafiki zangu wa Jumapili. Mkiandika hadithi, mwacheni mama achague, hata akichagua kulala." Tumeliandika neno lake hapa kama alivyolitaka, kwa sababu hadithi inayomlazimisha mama kuolewa haina tofauti na ile iliyomfungia jikoni.

Mwisho usio na vigelegele

Tukizikusanya kauli hizi, tunaona kwamba mapenzi ya katikati ya umri hayahitaji kanuni mpya za kupendeza zaidi. Yanahitaji tuache kuweka nukta mahali pasipo mwisho. Riwaya ya mapenzi huishia harusini kwa sababu inaamini harusi ndiyo jibu. Watu tuliozungumza nao wote walishapita hapo. Wameolewa na kuoa, wamezika, wameachana, wamelea. Kwao kisa kinaanza baada ya ukurasa ambao sisi tuliufunga. Hata The Bridges of Madison County ya Robert James Waller, iliyotoka 1992 na kusomwa na mamilioni, yenye mke wa mkulima wa Iowa aliyeishi na mumewe na watoto, iliwapa wapenzi wake siku nne tu, kisha ikamrudisha mama jikoni na kuwaachia watoto kuyagundua mapenzi yake akiwa ameshakufa. Mama anaruhusiwa kupenda, ilimradi tusijue naye yu hai.

Mwenzetu alirudi nyumbani wikiendi moja ya Februari. Hakwenda na hotuba. Alimkuta yule bwana sebuleni, juu ya ngazi, anabadilisha swichi iliyokuwa ikitoa cheche tangu enzi za baba. Alimwamkia, "Shikamoo." Bwana akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akaonekana kujutia neno lile la mwisho, akarudi kwenye waya zake. Picha ya baba ilikuwa pale pale ukutani. Mama alituambia kwamba mgeni ndiye aliyekataa isiondolewe. Alisema hawezi kuanza maisha kwa kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mdogo mtu bado anakula chumbani. Siku nyingine huja mezani, siku nyingine haji. Nikaha ilifanyika mwezi Machi, sebuleni, watu 12, pilau amepika mtu mwingine kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Mwenzetu alikuwapo. Hakulia kama mama wa ile hadithi moja. Anasema alikuwa na kazi ya kupokea makoti.

Tulimpelekea mama makala haya kabla ya kuchapishwa. Alifuta sentensi mbili, hatuzisemi. Pale tulipoandika kwamba yeye na bwana "wamepata faraja uzeeni" alikata neno la mwisho kwa kalamu nyekundu, mara mbili, na pembeni akaandika: "Uzeeni nani?"

Kwa hiyo shindano tunalitangaza upya. Masharti ni yale yale: Kiswahili, maneno 1,000, kanga na mchele. Tumeongeza moja tu. Mpendwa au mpenzi, mmojawao, awe na miaka 45 au zaidi, na asiwe mchoyo, mlevi wala marehemu. Hadithi zitufikie kabla ya likizo ya Pasaka. Walimu pia mnaruhusiwa kushiriki, na tunayo sababu ya kuamini kwamba baadhi yenu mnayo ya kuandika.

Ukikwama, usitafute kitabu kwanza. Mpigie mama simu, umuulize alikuwa nani kabla hujamjua. Kisha nyamaza, umsikilize.